Konda akiumia kazini hapa Mbeya, nani anamlipa? Na chama cha wafanyakazi kiko wapi?

#1 Mwana wa Loleza

Wakuu, salaam. Kuna kijana, konda wa Hiace inayopiga Uyole–Kabwe. Juzi mvua imenyesha, gari linaondoka Mafiati, akateleza ngazini na mguu ukaingia chini ya tairi la nyuma. Umevunjika mara mbili. Tajiri, yaani mwenye gari, alifika hospitali, akaacha hela ya kuanzia matibabu, kesho yake gari likaingia barabarani na konda mwingine. Kijana yuko nyumbani sasa, mkewe anauza mboga Soweto hapa hapa mjini, na kila tunayemuuliza anajibu kwamba hana mkataba, kwa hiyo hana haki.

Mimi nakataa. Haki naamini anayo, mtu wa kumsemea ndiye hana. Walimu wana chama, wafanyakazi wa serikali wana chama, watu wa reli wana chama. Hawa wanaolibeba jiji zima kila alfajiri wana nini? Madereva na makonda mliomo humu, njooni mseme wenyewe.

#2 Suka wa Uyole

Pole kwa kijana, namfahamu kwa sura. Mimi niko kwenye usukani miaka mingi, nimepiga Mbalizi, sasa Uyole. Jibu langu ni neno moja: hesabu.

Sisi hatulipwi mshahara. Unachukua gari saa 11 alfajiri. Jioni unapeleka hesabu, yaani kiasi alichokupangia tajiri, gari umeliosha, mafuta umejaza, ushuru wa stendi umelipa. Kinachobaki ndicho mnagawana na konda. Mvua ikinyesha hesabu haipungui. Trafiki akikuandikia, hesabu haipungui. Mtu wa hesabu akigoma anajigomea mwenyewe, maana kesho gari linapewa deiwaka, dereva wa kibarua wa siku. Sasa chama kitamdai nani?

#3 Binti Rungwe

Naomba kuuliza, mnisamehe kama ni swali la kitoto. Gari la abiria si lazima liwe na bima? Kwa nini bima isimlipe?

#4 Mpenda Haki Sae

Binti Rungwe, si swali la kitoto, hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Bima ya lazima, ile tunayoiita bima ndogo, inamlinda mtu wa tatu: abiria, mpita njia, mwenye gari ulilogonga. Mfanyakazi wa mwenye gari aliyeumia akiwa kazini, sheria ya bima za magari haimlazimishi mwenye gari kumwingiza humo. Ndiyo maana gari likipinduka, abiria aliyekaa kiti cha mlangoni anaweza kudai bima, na konda aliyesimama mbele yake akaambiwa hayumo.

Konda mlango wake ni mwingine: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF. Sheria yake ni ya mwaka 2008, na Mfuko ulianza kukusanya michango Julai 2015. Mchango anautoa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Matibabu yamo, malipo ya muda ambao huwezi kufanya kazi yamo (asilimia 70 ya kipato chako cha mwezi), ulemavu wa kudumu umo, mazishi na wategemezi wamo.

#5 Suka wa Uyole

Mpenda Haki, umesema "mwajiri". Nenda kamwambie tajiri yeyote pale Kabwe kwamba yeye ni mwajiri. Atakwambia mimi na dereva ni washirika, nimempa gari afanye biashara. Maneno hayo nimeambiwa usoni na matajiri tofauti.

#6 Mpenda Haki Sae

Aseme atakavyo, sheria haiangalii mlivyoitana. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia kazi mwingine atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo hata moja kati ya mambo fulani lipo. Anapangiwa namna ya kufanya kazi au saa za kazi. Amemfanyia mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Anamtegemea kiuchumi. Amepewa vitendea kazi. Anamfanyia kazi mtu mmoja tu.

Sasa jipime, Suka. Gari la nani? Nani amekwambia upige Uyole na si Ilemi? Ukilala na gari nani anapiga simu? Nakuambia hizo saa 45 za mwezi mzima wewe unazimaliza kwa siku chache tu. Kwa nionavyo mimi, dereva wa hesabu ni mwajiriwa. Mkataba wa maandishi usipokuwepo, hilo ni kosa la tajiri aliyetakiwa kuuandika.

#7 Tajiri Mdogo Iyunga

Naomba na mimi nisikilizwe, maana neno "tajiri" limetumika sana hapa. Nilistaafu ualimu, kiinua mgongo nikanunua Hiace moja iliyotumika. Hiyo moja ndiyo utajiri wangu wote.

Dereva nilimchagua mimi, konda hakuchaguliwa na mimi. Dereva anamchukua anayemtaka, anambadilisha anavyotaka, na wakati mwingine dereva mwenyewe amechoka anamwachia deiwaka bila kuniambia. Nimewahi kulikuta gari langu Nane Nane, dereva simjui, konda simjui. Wakiumia wale, mimi ndiye mwajiri wao? Naumia nikisikia kijana amevunjika, ningempeleka hospitali kama mwanangu. Lakini mniambie kwanza nimemwajiri lini.

#8 Suka wa Uyole

Mzee, shikamoo. Deiwaka anakuja kwa sababu mwili una mwisho. Siku saba kwa wiki, saa 11 alfajiri mpaka saa 3 usiku. Nikikuomba siku moja ya kupumzika utasema gari lisilale. Kwa hiyo namwachia mwenzangu nusu siku ili nilale, naye anapata chochote cha kupeleka nyumbani.

#9 Mpenda Haki Sae

Hapo Suka umegusa sheria bila kujua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004: siku 6 kwa wiki, saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku. Ukiongeza muda wa ziada, jumla ya siku isizidi saa 12, na ziada isizidi saa 50 katika wiki nne. Ratiba uliyoitaja imezipita zote.

#10 Mzee wa KAMATA

Vijana, mmenikumbusha mbali. Nilikuwa konda wa mabasi ya KAMATA, Kampuni ya Mabasi ya Taifa, miaka ya sabini, njia hizi hizi za Tukuyu na Kyela, barabara ikiwa tope tupu. Nilikuwa na sare, mkoba wa tiketi, mshahara wa mwisho wa mwezi na likizo. Gereji kulikuwa na tawi la NUTA, chama cha wafanyakazi cha wakati huo. Fundi akigoma kulitoa gari kwa sababu breki mbovu, meneja alikuwa anaitwa na tawi kujieleza.

Mkumbuke NUTA ilianzishwa mwaka 1964, vyama vyote vikaunganishwa kuwa kimoja. Ikaja JUWATA, kisha OTTU mwaka 1991. Kwa hiyo msiseme kazi ya basi haiwezi kuwa na chama. Iliwezekana kwa sababu mwajiri alikuwa mmoja na gereji ilikuwa moja. Mabasi ya umma yalipokufa, chama kilikosa pa kusimama.

#11 Kijana wa Tunduma

Mzee heshima yako. Ila NUTA ilikuwa mali ya chama tawala na serikali. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Chama kisichoweza kugoma ni chama gani? Na hawa wa siku hizi mimi sina imani nao. Wanakuja na fomu, unakatwa, halafu ukipata shida simu haipokelewi. Nimeyaona kwa kaka yangu kwenye malori.

#12 Mzee wa KAMATA

Sikatai kwamba katibu aliteuliwa. Nasema gari lenye breki mbovu halikutoka gereji. Wewe la kwako leo linatoka?

#13 Fundi Mafiati

Halitoki? Linatoka, mzee, tena kila siku, na mimi ndiye naliona likitoka. Niseme la kwangu kama fundi.

Mbeya hii si tambarare. Kutoka mjini kwenda Mbalizi kuna mteremko wa Iwambi. Ukitoka Uyole kwenda Dar kuna Mlima Nyoka na Inyala. Ukielekea Chunya, Kawetere. Dereva anateremka amekanyaga breki mwanzo mpaka mwisho. Pedi na dramu zinapata moto, zinakosa kushika. Kwenye Hiace breki ni za mafuta, na mafuta ya breki yakikaa muda mrefu yananyonya unyevu. Yenye maji yanachemka mapema, yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga, pedali inazama mpaka chini, gari linaenda. Hapo ndipo watu wanasema "breki zimefeli ghafla". Hakuna ghafla hapo. Yale mafuta hayajabadilishwa tangu gari linunuliwe.

Dawa yake ni mbili. Teremka na gia ile ile ambayo ungeipandia, injini ikushikie gari. Na badilisha mafuta ya breki, gharama yake ni ndogo kuliko hesabu ya siku moja. Nimewaomba madereva, wananijibu "mwambie tajiri". Nampigia tajiri, ananijibu "mwambie dereva atoe kwenye hesabu".

Na hiyo ngazi ya mlangoni iliyomwangusha kijana: nyingi zimeisha meno, zimebaki bati laini. Weka kipande cha mpira wenye mikwaruzo, funga bomba imara la kushikia pale mlangoni. Ni kazi ya saa moja kwa fundi wa kuchomelea.

#14 Binti Rungwe

Fundi, ndaga fijo. Kumbe ngazi tu!

#15 Suka wa Uyole

Fundi anasema kweli kuhusu gia. Ila aseme na hili: ukiteremka Iwambi kwa gia ya pili, nyuma yako kuna lori la mzigo wa Zambia au Kongo linakupigia honi, na hilo nalo halina breki. Unakimbia si kwa kupenda.

#16 Mhehe wa Ipogolo

Kamwene wadau. Mmeongea daladala tu, mimi ni wa basi kubwa, Dar–Mbeya, zaidi ya kilomita 800. Kitonga ukipanda usiku na ukungu ndipo utajua mwili umechoka kiasi gani.

Kanuni inataka madereva wawili safari ikizidi saa 8. Karatasini tuko wawili. Lakini dereva wa pili analala wapi? Kiti cha nyuma, muziki juu, abiria wanakanyagana. Mwili hauhesabu saa kama hujalala. Tukifika, gari linaoshwa, tunageuka. Tangu safari za usiku ziruhusiwe tena mwaka 2023 kazi imeongezeka, lakini malazi ya madereva mwisho wa safari hayajaongezeka.

LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, wameweka kifaa cha kufuatilia mwendo kwenye mabasi yetu, VTS. Sikipingi, kimetuokoa. Lakini kikionyesha umezidisha, anayeadhibiwa kwanza ni dereva. Ukienda 80 kama inavyotakiwa, ukichelewa kufika, anayefokewa ni dereva yule yule. Aliyepanga ratiba, kifaa hicho hakimgusi kabisa. Chama cha kweli kingeanza hapo: kaeni na wamiliki mpange ratiba inayowezekana kwa mwendo halali.

#17 Nesi Mbalizi

Mimi niko upande wa kupokea majeruhi. Makonda ninaowaona ni wengi kuliko watu wanavyodhani, na si ajali kubwa tu. Kuanguka mlangoni, vidole kubanwa na mlango wa kuteleza, kupigwa na walevi usiku. Madereva wanakuja na migongo, na magonjwa ya njia ya mkojo kwa sababu wanajibana kutwa nzima, stendi choo cha kulipia na foleni hairuhusu.

Ninachowaomba: mkifika hospitali semeni wazi kwamba mmeumia kazini, iandikwe kwenye faili. Wengi wanasema "nimeanguka" basi, na ndivyo inavyoandikwa. Ajali ya barabarani chukueni fomu ya PF3 polisi siku hiyo hiyo. Baadaye mnakuja kuomba karatasi, faili linasema mgonjwa alianguka nyumbani, na daktari hawezi kuandika asichokiona humo.

#18 Konda wa Kike

Asante Nesi kwa kusema la choo, wanaume wanaona aibu kulisema. Mimi nilifanya ukonda njia ya Isanga. Mambo ya kushikwashikwa mlangoni gari likijaa sitayaelezea hapa, wanawake wanajua. Tumbo lilipoanza kuonekana dereva aliniambia kwa upole tu, "dada pumzika". Sikurudi tena. Nasikia kuna likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo. Niliisikia redioni, nikiwa nimekaa nyumbani, mtoto mgongoni. Mkijadili chama, mjadili na hili.

#19 Mpenda Haki Sae

Dada, ni siku 84, na ni 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Na kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito ni kosa kisheria, hata kama limesemwa kwa upole.

#20 Mwana wa Loleza

Nimesoma yote. Mbona mwaka 2015 madereva waligoma nchi nzima na serikali ikakaa nao mezani? Ule mgomo wa mishahara. Kwa nini nguvu ile haikubaki?

#21 Mhehe wa Ipogolo

Mwana wa Loleza, turekebishane. Haukuwa wa mishahara peke yake. Kilichowasha moto ni sharti la dereva kurudi darasani kila anapohuisha leseni baada ya miaka mitatu, tena kwa gharama zake. Mikataba ya ajira na faini za barabarani zikaingia humo. Tuligoma Aprili 10, kisha tena Mei mwanzoni. Ubungo palifurika abiria, na huku Nyanda za Juu stendi zililala.

Nguvu haikubaki kwa sababu tuliahidiwa mikataba, na tukaamini karatasi. Mimi nilisaini moja, ikachukuliwa, sijapewa nakala mpaka leo. Ukiwa huna nakala, una nini?

#22 Kijana wa Tunduma

Na viongozi je? Kila kona alitokea mtu anaitwa mwenyekiti wa madereva. Vyama vya madereva ni vingi kuliko madereva. Wamiliki wa mabasi wana TABOA, wanaongea kwa sauti moja. Sisi tunagombea mhuri.

#23 Mpenda Haki Sae

Kijana wa Tunduma, vyama vilivyosajiliwa vipo. COTWU ni ya mawasiliano na uchukuzi, TAROTWU ni ya usafiri wa barabarani, na juu kuna shirikisho, TUCTA. Kuanzisha chama kipya si kugumu: sheria inataka waajiriwa wasiopungua 20. Ugumu uko kwingine, na hapa nakubaliana na Mzee wa KAMATA.

Chama kinapata haki ya kukaa mezani na mwajiri kikiwa na wanachama wengi kati ya wafanyakazi wa mwajiri huyo. Sheria imefikiria kiwanda chenye geti. Sasa Uyole–Kabwe ina magari mangapi na matajiri wangapi? Kila Hiace ni mwajiri mmoja na wafanyakazi wawili. Utajadiliana na kila Hiace? Ndiyo maana kwenye mabasi makubwa ya mikoani chama kinaweza kushika, kwenye daladala kinateleza.

#24 Mzee wa Foleni

Mimi ni msimamizi wa foleni kwenye stendi moja, niruhusuni. Nyie mnasema hatuna chama, sisi tuna chetu cha njia. Kila gari linatoa kiasi kwa siku. Dereva akifiwa tunakwenda na gari bure, tunanunua sanda, tunachimba kaburi. Kijana huyu tumemchangia na tutamchangia tena. Hicho chama cha kizungu kimemfanyia nini?

#25 Suka wa Uyole

Mzee wa Foleni, kweli mmechanga na Mungu awabariki. Lakini mimi natoa hela ya foleni kila siku ya Mungu, na sijawahi kusikia chama cha njia kimemwita tajiri hata mmoja kumwambia ngazi ya gari lako imeisha, halipakii leo. Mna uwezo huo. Gari lisipolipa hela ya foleni hampakii, kwa nini lisizuiwe kwa breki?

#26 Mzee wa Foleni

Matajiri nao ni wanachama, Suka. Baadhi ndio viongozi.

#27 Kijana wa Tunduma

Basi hapo mmejijibu.

#28 Mchele wa Kyela

Nimeingia kuuliza nauli ya Kyela–Mbeya nikajikuta nasoma mpaka huku chini. Na bajaji mmewasahau? Madereva wa daladala ndio wanaowatukana bajaji wakati wote hesabu ile ile inawatesa. Bajaji haina hata mlango wa kuangukia, unaanguka tu.

#29 Suka wa Uyole

Bajaji watupishe kwanza vituoni ndipo tuwatetee, Mchele wa Kyela. Natania, ndugu yangu. Mdogo wangu anaendesha bajaji Nzovwe, ananikosesha usingizi kila siku.

#30 Tajiri Mdogo Iyunga

Nimekaa kimya nikipiga mahesabu. Tuseme dereva namwandikia 300,000 kwa mwezi. NSSF ni asilimia 20, hiyo ni 60,000, hata tukigawana nusu kwa nusu yangu ni 30,000. Konda naye akiwemo, na tairi, na marejesho ya mkopo wa injini, sioni nafasi. WCF ni asilimia 1 kwa sisi binafsi, yaani 3,000.

#31 Mpenda Haki Sae

Mwalimu, WCF ilikuwa asilimia 1 zamani. Ilishushwa hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 kuanzia Julai 2022, sawa na sekta ya umma. Kwa 300,000 ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Nami nakuomba uitazame hiyo 1,500 na mguu wa yule kijana.

#32 Tajiri Mdogo Iyunga

1,500? Mbona hakuna aliyewahi kuniambia? Nimekwenda kwenye ofisi za leseni, ukaguzi, mapato, zimamoto, kote nimelipa. Gari moja linasajiliwa, au mpaka niwe na kampuni?

#33 Mpenda Haki Sae

Mwajiri wa mtu mmoja ni mwajiri. Unajisajili.

#34 Mwana wa Loleza

Turudi kwa kijana. Afanyeje kesho asubuhi? Maana siku zinakwenda.

#35 Mpenda Haki Sae

Zinakwenda kweli. Kuondolewa kazini kunapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine ya kazi ni siku 60. Fidia ya kuumia ina mlango wake WCF, na muda wake ni miezi 12 tangu ajali, asisubiri. Tajiri kutojisajili au kutochangia ni kosa la tajiri, lisimzuie kijana kupeleka dai. Afisa Kazi wa mkoa amwone pia.

Ushahidi ndio kila kitu. Hesabu walikuwa wanapeleka kwa mkono au kwa simu?

#36 Suka wa Uyole

Siku hizi wengi tunatuma kwa simu. Matajiri wenyewe wanataka hivyo, hawamwamini mtu wa kuwapokelea.

#37 Mpenda Haki Sae

Basi achapishiwe taarifa ya miamala. Kila jioni, namba ile ile, kiasi kile kile. Dereva atoe na maelezo ya maandishi kwamba huyu alikuwa konda wake kwenye gari hilo.

#38 Mwana wa Loleza

Nimeongea na wote wawili leo. Miamala iko kwenye simu ya dereva, si ya kijana. Dereva anamhurumia sana, lakini anasema akiandika karatasi hiyo, gari analinyang'anywa jioni yake, na ana watoto wanne shuleni. Simlaumu.

#39 Konda wa Kike

Mimi namlaumu kidogo.

#40 Fundi Mafiati

Msimlaumu. Madereva wote wa njia hiyo wakiandika kwa pamoja, matajiri watanyang'anya magari yote? Watayaendesha wao?

#41 Kijana wa Tunduma

Wote hawataandika. Deiwaka wamejaa pale Kabwe wanasubiri funguo.

#42 Mhehe wa Ipogolo

Dereva anaweza kumpa kijana taarifa ya miamala kimya kimya bila kusaini chochote. Abiria wa kila siku wa alfajiri wanaweza kuandika, wale hawana gari la kunyang'anywa. Mama lishe wa Mafiati waliona ajali. PF3 ipo?

#43 Mwana wa Loleza

PF3 ipo. Abiria sikuwa nimewafikiria, nitaongea nao kesho kituoni.

#44 Tajiri Mdogo Iyunga

Wadau, nimeamua kuandika mkataba na dereva wangu, na konda naye nitamwandika kwa jina, deiwaka mwisho. Ngazi nimempigia Fundi. Ila nimekwama sehemu moja, nisaidieni. Malipo niandikeje? Nikiandika mshahara, gari linaweza kulala stendi yeye akalipwa. Nikiandika hesabu, Mpenda Haki atasema ni yale yale.

#45 Mpenda Haki Sae

Andika mshahara usiopungua kima cha chini cha serikali, juu yake asilimia ya mapato ya siku.

#46 Suka wa Uyole

Asilimia ya mapato yapi? Daladala haina tiketi. Nani atawahesabu abiria, konda, mwalimu, au mimi?

#47 Mzee wa KAMATA

Rudisheni tiketi.

#48 Mzee wa Foleni

Tiketi Uyole–Kabwe, gari limejaa mpaka mlangoni? Mzee, konda atazikata kwa mkono upi?